Mwalimu Verlene na Mtoto Aliyesoma kwa Masikio

Nimeshamwambia mke wa mchungaji mara tatu kwamba mimi si mtu wa kuandika. Kalamu kwangu ni nzito kuliko masufuria ya jikoni mwa shule, na hayo niliyanyanyua miaka ishirini na sita. Lakini yule mwanamke ni king'ang'anizi. Anasema kitabu cha kanisa kinatoka mwezi ujao, kila mtu wa maana atawekewa ukurasa wake, na Mwalimu Verlene Stokes hana wa kumwandika. Hana? Wote aliowafundisha hapa Tolliver hawana mikono? Wanataka mimi, Luberta Purnell, niliyetolewa shule darasa la sita nikachume pamba, ndimi nimwandike mwalimu. Haya, nitaandika. Ila nitaandika ilivyokuwa, na anayetaka sifa za kupamba jeneza amtafute mwingine.

Verlene ni mrefu, mwembamba, miwani yake inaning'inia kwa uzi shingoni, na mkoba wake haujawahi kukosa peremende. Alifundisha darasa la tatu miaka thelathini na miwili, chumba kilekile, dirisha likitazama maegesho ya magari. Jumapili ndiye alikuwa mkuu wa watoto kanisani, na kazi yake kubwa ilikuwa hotuba za Pasaka. Kila mtoto anapewa kikaratasi chenye maneno ya kusema mbele ya kanisa. Wadogo mistari minne, wakubwa kumi, na mmoja, yule bora kuliko wote, anapewa hotuba ndefu. Verlene alikuwa anasema mstari, mtoto anarudia. Anasema tena, mtoto anarudia. Mpaka maneno yanakaa kichwani kama msumari kwenye ubao.

Mjukuu wangu Jakiyah alipewa hotuba ndefu akiwa na miaka saba. Mistari arobaini. Hakukosea hata mmoja. Watu walisimama, na mimi nilikuwa nimevaa kofia yangu ya zambarau, nikasimama taratibu ili wote waone huyo mtoto ni wa nani. Mama yake, binti yangu Shaunte, yuko Memphis, anafua mashuka ya hospitali. Mtoto nimemlea mimi tangu ana miezi minane. Kwa hiyo sifa zilikuwa zangu na nilizichukua.

Mwaka uliofuata Jakiyah akaingia darasa la tatu kwa Verlene, na mwaka huohuo sheria ikaanza kuuma.

Bunge la jimbo kule Jackson, mji wetu mkuu, lilikuwa limepitisha kwamba mtoto wa darasa la tatu asiyefaulu mtihani wa kusoma haendi la nne. Anapewa nafasi tatu. Akianguka zote tatu, anarudia mwaka mzima. Shule nayo inapewa alama kama mtoto. Yetu ilikuwa na D, imebandikwa gazetini watu wote waione, na kwa sababu ya hiyo D jimbo likatuletea msichana mmoja, Bi. Haddon, viatu bapa, nywele kafunga kwa raba, akae nyuma ya darasa la Verlene na kuandika anavyofundisha.

Jikoni tulicheka. Odessa, mpishi mwenzangu, alisema, "Huyo mtoto atamfundisha nini Verlene? Verlene alianza kazi huyu bado hajazaliwa!"

"Mwache," nikasema. "Mwezi mmoja tu atalia, arudi kwao."

Hakulia. Akaja na karatasi zake. Na kila Ijumaa shule ikawa inaleta nyumbani fomu: mtoto amesoma dakika ishirini kila siku, mzazi atie sahihi. Mimi sahihi yangu ninaijua vizuri, ina mkia mrefu kwenye P. Jioni nakaa na beseni la maharage mabichi nikikata ncha, Jakiyah anakaa kwenye ngazi za kibarazani na kitabu chake, anasoma kwa sauti, anafungua kurasa, anabadilisha sauti ya mbweha na sauti ya bata. Raha tupu. Nilitia sahihi kuanzia Septemba mpaka Februari bila kuruka wiki.

Siku moja ya Februari, kabla ya chakula cha mchana, Verlene aliingia jikoni. Mwalimu haingii jikoni kwetu. Mikono yangu ilikuwa ndani ya unga wa mikate.

"Dada Luberta, naomba tuzungumze kidogo."

"Zungumza. Masikio hayana unga."

Alimtazama Odessa, Odessa akajifanya anatafuta kitu stoo. Ndipo Verlene akasema, sauti ya chini, "Jakiyah hajui kusoma."

Nilicheka. Haki ya Mungu nilicheka. "Jakiyah wangu? Aliyesema mistari arobaini?"

"Kusema anajua. Bi. Haddon alimpa ukurasa wa maneno ya kubuni, maneno yasiyo na maana yoyote, ili mtoto asiweze kuyakumbuka popote. Hakuweza hata moja. Akampa hadithi mpya, akafunika picha. Dada, mtoto akamwambia, 'Nisomee wewe kwanza.'"

"Basi huyo Haddon ndiye mbovu."

"Mimi pia nimejaribu. Mara mbili. Ni hivyohivyo."

Hapo damu ikanipanda. "Verlene Stokes, wewe si ndiye mwalimu wake? Nani kamfundisha? Mimi?"

"Mimi," akasema. "Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Vitabu vyote ninavyowapa kwenda navyo nyumbani, nimeshawasomea darasani mara tatu, wanarudia pamoja. Yeye anavibeba kichwani. Anakusomea wewe kichwa chake."

"Toka jikoni mwangu," nikamwambia. Akatoka. Mikate ya siku ile haikuumuka, watoto wakala migumu kama sabuni.

Sikumwamini. Mimi si mtu wa kuamini kitu kwa sababu mwenye miwani kakisema. Nikarudi nyumbani, nikafikiri nitamjaribu vipi mimi nisiyesoma vizuri. Pakiti ya unga? Ina picha. Biblia? Anajua aya nyingi kuliko shemasi. Nikachukua kitabu cha nyimbo za kanisa.

Sasa, nyie wa kanisa letu mnajua tunavyoimba. Ubeti wa kwanza, wa pili, na wa mwisho. Wa tatu tunauruka siku zote; aliyetunga alijisumbua bure. Nikafungua wimbo anaoupenda, nikamwambia, "Soma ubeti wa kwanza." Akausoma, karibu auimbe. "Wa pili." Kama maji. Nikaweka kidole kwenye wa tatu.

"Na huu."

Alitazama. Akanitazama mimi. Akatabasamu lile tabasamu lake la kanisani. "Huo hatuuimbi, Bibi."

"Sijasema uimbe. Nimesema usome."

Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akalisema. Neno la pili akaliruka. La tatu akasema kitu kingine kabisa. Halafu akaanza kuimba ubeti wa mwisho, kidole kikiwa bado kwenye wa tatu. Nikamwambia anyamaze. Machozi yakaanza kumtoka, nami sikumbembeleza, maana nilikuwa nimeshikwa na hofu ambayo sikuijua jina lake. Miezi sita nimetia sahihi. Miezi sita, na mkia mrefu kwenye P.

Tangu siku ile sikulala vizuri. Kwenye ukuta wa jikoni kwangu kuna kalenda ya nyumba ya maziko, wale wanaoandaa maiti, ile wanayotugawia kila Desemba. Nikaweka msalaba kwenye kila siku iliyopita, na kila nikipita naangalia zilizobaki mpaka mtihani. Nilikuwa nikimtazama Jakiyah akila kambare wake, natoa miiba kwenye sahani yake kama bado ana miaka miwili, na moyoni nasema, wenzake watapanda, huyu atabaki, na ataniuliza kwa nini.

Ikaja Jumapili ya kugawa hotuba za Pasaka. Watoto wamejipanga mstari mbele, Verlene anatoa vikaratasi mkobani. Jakiyah alikuwa wa mwisho, pale anaposimama mwenye hotuba ndefu. Vikaratasi vikaisha. Hotuba ndefu akapewa mtoto wa shemasi.

"Mwaka huu Jakiyah hana hotuba," Verlene akasema mbele ya watu wote. "Ana kazi nyingine na mimi."

Kanisa zima likageuka kunitazama. Nilimfuata nje mpaka kwenye gari lake.

"Umeniaibisha."

"Ndiyo, Dada."

"Na mtoto umemwaibisha!"

"Mwenyewe nilimwambia jana. Alilia, akamaliza. Dada Luberta, kila mstari nitakaoupakia kichwani mwake sasa hivi unamsaidia kujificha. Ninazo wiki saba. Nisaidie au unichukie, lakini mlete kila siku baada ya kengele ya mwisho."

"Nitakuchukia."

"Saa tisa kamili," akasema, akapanda gari.

Nikamleta. Na nikamchukia pia. Nina nafasi ya vyote viwili.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mke wa mchungaji aandike vizuri asifute. Verlene alikuwa na miaka hamsini na saba. Kutoka dirisha la jikoni tunaona maegesho. Kila asubuhi, kabla ya basi la kwanza, nilimwona amekaa ndani ya gari lake, vioo vimefungwa, ameshika kioo kidogo cha kujipodolea, anakunja midomo, anatoa ulimi, anapuliza, anajishika koo. Odessa akasema, "Maskini, kazi imempandisha wazimu." Nikatoka na ndoo ya takataka kama naenda kumwaga, nikagonga kioo.

Akashtuka, akashusha. Juu ya mapaja yake kulikuwa na daftari lililojaa mwandiko wake.

"Unafanya nini humu?"

Akaona haya. Akasema, "Najifunza sauti. Kila herufi mdomo unavyokaa. Bi. Haddon ananifundisha Jumanne na Alhamisi, na kuna mtihani kwetu sisi walimu pia. Sikuwahi kufundishwa haya, Dada. Nilipofundishwa ualimu tuliambiwa mtoto akikwama aangalie picha, akisie. Miaka thelathini na moja nimewaambia wakisie."

"Na waliojua kusoma walijuaje?"

"Wengine wangejua hata wakifundishwa na mbuzi. Wale wengine ndio wananiamsha usingizini." Alitoa miwani akaifuta, na sijui kama alikuwa akifuta miwani au anapata cha kutazama. "Nawakumbuka kwa majina. Kuna mmoja ananikatia majani uani. Kila nikimwachia kikaratasi cha kazi anasema kasahau miwani nyumbani. Hana miwani yule."

Nikamwaga takataka.

Kila alasiri nikawa nakaa mwisho wa darasa lake huku nikisubiri. Alimpa Jakiyah vifungo vya nguo, kifungo kimoja kwa kila sauti, avisogeze kimoja kimoja, halafu apitishe kidole kwa vyote mara moja aviunge. Neno moja, dakika nzima. Mtoto aliyesema mistari arobaini anatokwa jasho kwa neno la herufi nne. Akikwama anamtazama Verlene usoni, anatafuta jibu kwenye midomo yake, na Verlene anageuka ukutani ili asipewe kitu. Mimi nilikuwa nauma shavu kwa ndani. Mara moja nilishindwa, nikataja neno.

"Dada Luberta," Verlene akasema bila kugeuka, "toka nje."

"Mimi?"

"Wewe. Umemsomea."

Jakiyah akacheka mpaka vifungo vikaanguka. Nikakaa kwenye korido kama mtoto mtukutu, na mkuu wa shule akapita akaniuliza nimefanya nini.

Mtihani wa kwanza ulikuwa Aprili. Siku ile niliunguza sinia mbili. Akaanguka. Wa pili Mei. Akaanguka, lakini karibu zaidi. Ikabaki nafasi moja, mwishoni mwa Juni.

Hapo nikafanya jambo ambalo silioni fahari. Nilijivika nguo ya kanisa nikaenda kwa Verlene nyumbani, na mkate wa mahindi na sukuma wiki kwenye bakuli lenye kifuniko, nikamwambia tunajuana tangu tukiwa wasichana. Sheria ina milango yake ya pembeni. Mtoto mgeni wa lugha anapita, mtoto mwenye ulemavu anaweza kupita. Andika tu kwamba kichwa chake kina shida fulani. Nani atauliza?

Aliweka bakuli mezani. "Kichwa chake kina shida?"

"Unajua hakina."

"Basi siandiki. Ile karatasi itamtangulia kila mlango atakaoingia, na atakapokuwa mkubwa ataisoma."

"Kama atajua kusoma!"

"Ndiyo," akasema. "Kama atajua."

"Wale wa Jackson wameandika sheria wakiwa wamekaa kwenye viti laini, Verlene. Hawajui hata barabara ya kuja huku. Wao walikuwa wapi miaka yote hiyo? Leo ndio wamekumbuka, na anayelipa ni mtoto wa miaka minane?"

"Hapo nakuunga mkono. Anayelipa siye mwenye deni. Nilipaswa kulipa mimi." Halafu akafunua bakuli, akachukua kipande cha mkate, akala amesimama. "Lakini bila hiyo sheria yao, Jakiyah angekwenda la nne na hotuba zake, na la tano, na la sita, na mimi na wewe tungempigia makofi."

Niliondoka bila kuaga, nikaacha bakuli langu.

Nikampigia Shaunte simu. Tukakubaliana: akianguka mara ya tatu, mtoto anakwenda Memphis, ng'ambo ya mpaka wa jimbo, ambako sheria yetu haimfikii, aandikishwe la nne huko. Nikatoa sanduku chini ya kitanda nikaanza kukunja nguo zake. Nilikunja polepole. Miaka minane nyumba ilikuwa na sauti ya mtoto, na nilijua vizuri ukimya utakavyokuwa. Lakini bora ukimya kuliko wenzake wamwite mjinga.

Juni yote Verlene alimfundisha bila likizo, darasani hakuna kiyoyozi, feni moja inazungusha joto. Mtihani ukafanyika. Tukasubiri. Kila siku saa nne gari la posta linapita barabarani kwetu, na kila siku saa tatu na nusu mimi nimeshakaa kibarazani. Jakiyah naye aliacha kula vizuri. Nilimkuta mara moja amekaa mbele ya sanduku lake amelifungua, anaangalia tu.

"Bibi, Memphis wana darasa la nne zuri?"

"La nne ni la nne."

"Na nikifika huko wakinipa kitabu?"

Nilimwambia akalete kuni za jiko la nje, na hatuna jiko la nje.

Barua ilikuja Jumatano. Bahasha ya wilaya, dirisha la plastiki mbele. Jakiyah aliifikia kabla yangu, maana magoti yangu hayakimbii. Nikamwambia lete, tutampelekea mtu atusomee. Nilikuwa nikimfikiria Odessa. Lakini mtoto alikuwa ameshaichana, amesimama palepale kando ya sanduku la barua, jua linampiga, kidole chini ya mstari.

Akaanza. "Mpendwa... mzazi... au... mlezi." Akavuta pumzi. Neno refu likamkabili, akalivunja vipande, akaviunga, havikukaa, akavunja tena. Nilitaka kuinyakua ile karatasi. Nikayafumba macho nikashika nguzo. Gari likapita, vumbi likatufunika, yeye yuko palepale. "Tuna... takiwa... ku... kuku... kukujulisha." Mstari baada ya mstari, polepole kuliko foleni ya mazishi. Hakuna mtu aliyewahi kumsomea barua ile. Hakuna picha. Mimi mwenyewe sikuijua.

"Kwamba... mwanafunzi... Jakiyah Purnell... Bibi, ni mimi! ... hajafikia... kiwango... kinacho... hitajika." Akasimama. Akarudia mstari huo peke yake, kimyakimya, midomo ikicheza. Halafu akaniuliza, "Hajafikia, ndiyo kusema nimeanguka?"

"Ndiyo, mama."

Akaikunja barua, akaikunjua tena. "Lakini nimeisoma."

"Umeisoma."

"Yote. Hata lile refu."

"Nimekusikia."

Akaanza kulia na mimi nikaanza, katikati ya barabara, na sijui mpaka leo nusu ya machozi yangu ilikuwa ya nini. Watu wa jimbo walisema hajui. Na mimi, kwa masikio yangu yasiyo na cheti, nilikuwa nimetoka kumsikia akijua. Alipungukiwa na pointi tatu tu, tulikuja kuambiwa.

Verlene alifika jioni ile, barua ya shule alishaipata. Alikuwa amelirudisha bakuli langu, limeoshwa. Aliliona sanduku sebuleni.

"Nimemwomba mkuu wa shule," akasema akiwa mlangoni. "Jakiyah akirudia, arudie kwangu. Nilipanga kustaafu mwaka huu. Nimeomba mwaka mmoja zaidi. Kama anakwenda Memphis, basi nitastaafu, na sitakulaumu."

Nilimtazama. Nilikuwa bado nina hasira naye, na ninayo mpaka leo kidogo, huwa naitoa siku za sikukuu. "Jakiyah," nikaita, "uje umsomee mwalimu wako barua."

Akaisoma tena, safari hii kwa haraka, na mimi nikapiga kelele kwamba asiisome kwa kichwa. Verlene akaikunja sehemu ya juu, akamwonyesha mstari wa mwisho kabisa, yale maandishi madogo wanayoweka chini kuhusu haki ya kukata rufaa. Hayo mtoto alikuwa hajayagusa. Akayasoma. Jasho, vipande, kuunga. Akafika nukta.

Nikaenda nikazirudisha nguo kabatini.

Alirudia mwaka. Wenzake walimcheka wiki mbili, nisidanganye kwamba hawakumcheka. Usiku wa kwanza wa shule alikataa kula. Ilimuuma, na sheria ile sijaisamehe kwa hilo. Mwaka huo ndio ulikuwa wa mwisho wa Verlene darasani, na kati ya watoto wake kumi na tisa walianguka wawili. Hao wawili ndio anaowataja kila mkimpongeza, kwa hiyo mkija na keki yenu msishangae.

Sasa nimeandika, na kiganja kinaniuma mpaka kwenye kiwiko. Wewe uliyesoma mpaka hapa una deni kwangu, na silitaki kwa maneno matamu. Leo hii, jua likiwa bado lipo, mwite mtoto wa nyumbani kwako. Usimpe kitabu cha shule. Mpe karatasi ya maelezo ya dawa yako ya presha, au tangazo la maji kukatwa, kitu ambacho hakuna aliyemsomea. Kaa kimya, usimsaidie hata neno. Halafu Jumapili njoo mlango wa nyuma wa jiko la kanisa, nitakuwepo kuanzia saa mbili, uniambie ukweli. Na kama hakuweza, usinieleze sababu. Mlete, Verlene ameshaniahidi kiti na vile vifungo.